Nani Analipia Kiti Kitupu

Kila kitabu cha kumfundisha mgeni Kiitaliano, kiwe kinene au kile cha kutia mfukoni, kina ukurasa wa stesheni. Hapo mwanafunzi hukariri sentensi moja mpaka imkae ulimini: A che ora parte il prossimo treno per Bologna? Treni ijayo ya Bologna inaondoka saa ngapi? Sasa chukua sentensi hiyo hiyo, uivike Kiswahili safi, uende nayo kwenye stegi ya magari ya Eldama Ravine mjini Nakuru: "Samahani kiongozi, matatu ijayo ya Ravine inaondoka saa ngapi?" Utajibiwa papo hapo na kwa ukarimu wote: "Sasa hivi." Jibu hilo halikusaidii, na si lazima makanga awe mwongo. Umemuuliza kitu ambacho hana. Saa ya matatu hiyo kuondoka haijui yeye, haijui dereva, haijui hata mwenye gari aliyeko nyumbani, kwa sababu bado haijapatikana. Abiria ndio wanaoileta, mmoja mmoja, kadiri wanavyoingia.

Walimu wengi wa lugha huliona jambo hili kuwa tofauti ya tabia: Wazungu wana saa, sisi tuna muda. Maelezo hayo ni mepesi mno, na wala hayamsaidii kijana wa Nakuru anayejiandaa kwenda kusoma Italia. Ukichunguza pesa badala ya tabia, mambo hujipanga vizuri zaidi. Gari lolote la abiria litaondoka mara nyingine likiwa na viti vitupu, au litasubiri vijae. Vikiwa vitupu, kuna anayekula hasara ya nauli. Vikisubiriwa vijae, kuna anayekula hasara ya muda. Maswali ambayo watu huuliza kituoni, katika lugha yoyote, hufuata jinsi hasara hiyo ilivyogawanywa. Ndiyo maana mtu anaweza kuijua sarufi ya Kiitaliano barabara na bado akauliza swali lisilo na kazi, kama vile Mwitaliano mwenye Kiswahili kizuri anavyoweza kusimama stegini Nakuru akajibiwa "sasa hivi" mara nne.

Tuanze nyumbani. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ambazo wengi bado wanaziita sheria za Michuki, ziliifunga matatu ndogo kwenye abiria 14, kila mmoja na mkanda wake, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Idadi ya viti ikawa haichezewi, angalau mbele ya polisi. Dereva na makanga wana hesabu ya kumpelekea mwenye gari jioni, na hesabu hiyo haipungui kwa sababu siku ilikuwa mbaya. Wana mafuta ya kununua na ada za stegi na sako za kulipa. Kinachobaki ndicho chao. Matatu ikitoka na watu tisa, nauli za viti vitano zilizopotea hazimuumi mwenye gari. Zinatoka mfukoni mwa hao wawili. Katika njia fupi yenye watu wengi barabarani, kama ya kwenda Njoro, wanaweza kubahatisha na kuokota abiria njiani. Katika safari ndefu ya Kabarnet au Olenguruone kubahatisha ni ghali, basi husubiri. Hakuna uvivu hapo wala dharau kwa saa. Ni hesabu ambayo yeyote angeipiga vivyo hivyo akiwa na mafuta ya kwake mwenyewe kwenye tangi.

Hasara haipotei kwa kusubiri. Inahamia kwa abiria, na inahamia bila usawa. Anayeingia wa kwanza hukaa muda mrefu kuliko wote, anayeingia wa kumi na nne hakai hata dakika, na wote wanalipa nauli ile ile. Kwa maneno mengine, wa kwanza anamlipia wa mwisho. Abiria wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana mtu mwenye uzoefu hasogei kwenye gari tupu. Atazunguka, atanunua mahindi ya kuchoma, atajifanya anaongea na simu, macho yake yakiwa kwenye madirisha ya gari. Lakini kila mtu akifanya hivyo gari halitajaa kamwe. Kutokana na tatizo hilo ikazaliwa kazi ambayo haimo katika kitabu chochote cha Kiitaliano, ya watu wanaolipwa kidogo kukaa garini wakijifanya abiria, ili wasafiri halisi waone viti vichache vimebaki. Wanapoingia wenye safari, wao huteremka mmoja mmoja kimyakimya. Nao abiria wakabuni dawa yao: kutazama mikono na magoti. Mtu asiye na mkoba, asiye na mzigo, anayemfahamu makanga kwa jina na hajaulizwa nauli, huyo haendi Ravine.

Kwa hiyo swali la Nakuru halina saa ndani yake. "Imebaki wangapi?" "Wawili tu, mama, ingia tuondoke." Mama haingii kwanza. Anachungulia, anahesabu vichwa, anamuuliza mzee aliyeketi karibu na mlango: "Mzee, mmekaa sana hapa?" Jibu la huyo wa pili ndilo lenye uzito, kwa sababu hana faida yoyote katika kudanganya. Kisha linafuata swali la nauli, na neno moja ndani yake halikosekani: "Leo ni ngapi?" Leo, kwa kuwa mvua ikinyesha, shule zikifungwa au Krismasi ikikaribia, bei hupanda. Ukiyatazama maswali hayo pamoja, unaona mfumo kamili wa kutafuta habari: idadi, ushahidi wa mtu wa tatu, bei ya siku. Mtoto wa darasa la sita wa Nakuru anaujua bila kufundishwa.

Upande wa Italia hasara imegawanywa kwa namna nyingine, tena kwa maandishi. Amri ya kisheria namba 422 ya mwaka 1997 iliikabidhi mikoa usafiri wa treni na mabasi ya kawaida, na ikaweka kiwango kwamba mapato ya tiketi yafikie angalau asilimia 35 ya gharama za uendeshaji. Soma kiwango hicho kwa makini. Mtunga sheria anatarajia, bila aibu yoyote, kwamba abiria hatalipia hata nusu ya safari yake. Sehemu kubwa iliyobaki inatoka katika hazina ya umma kupitia mikataba ambayo mkoa hufunga na kampuni ya usafiri. Treni ya mkoa inayotoka saa tisa alasiri na watu sita katika mabehewa manne haimpunguzii dereva mshahara. Imelipiwa itoke saa tisa, na itatoka. Na kama haikufika kwa wakati, kanuni za Umoja wa Ulaya zinampa abiria madai: kuchelewa kuanzia dakika 60 humrudishia asilimia 25 ya bei ya tiketi, kuanzia dakika 120 asilimia 50. Saa iliyoandikwa ukutani ni deni, na lina mdaiwa.

Ndiyo maana ratiba imebandikwa ukutani, na wala haikai kichwani mwa mtu. Katika stesheni za Italia karatasi ya manjano ni ya treni zinazoondoka, nyeupe ni ya zinazowasili. Mgeni anayemkimbilia mfanyakazi na sentensi yake ya kitabuni, hali karatasi ya manjano iko hatua mbili nyuma yake, huwa anauliza jambo ambalo jamii ile imekwisha kulijibu kwa wote, na mara nyingi ataelekezwa kwa kidole tu. Hajatukanwa. Maswali yanayohitaji kinywa ni yale ambayo ukuta hauwezi kuyajibu: treni imechelewa? È in ritardo? Inatokea jukwaa gani sasa, maana lilikuwa la tatu na watu wote wanahamia la saba? Da quale binario? Nibadilishe wapi? Dove devo cambiare? Mwanafunzi wa Nakuru akijua hayo matatu, na akatanguliza buongiorno na scusi kama anavyotanguliza shikamoo au samahani kwa mkubwa wake, amepata zaidi ya aliyekariri ukurasa mzima.

Kuna kikwazo kimoja cha saa yenyewe ambacho hakina budi kuelezwa, maana kinawapoteza watu wenye akili timamu. Otto ni nane, lakini le otto ya asubuhi ni saa mbili. Anayeibeba nane akafika saa nane mchana ataikuta treni yake imeondoka saa sita zilizopita. Na reli ya Italia husoma saa hadi 24. Kanuni ya kukumbuka ni fupi: kuanzia 7 hadi 18 toa sita, kuanzia 19 hadi 24 toa kumi na nane, kuanzia 1 hadi 6 ongeza sita. Alle venti, yaani 20, ni saa mbili usiku. Wengi wetu tukipiga hesabu hii hujiona kama watu wa pembeni wenye saa ya ajabu. Basi na ijulikane kwamba Waitaliano wenyewe kwa karne kadhaa walihesabu saa zao kuanzia machweo ya jua, saa 24 mpaka machweo mengine, na Goethe alipopita Verona mwaka 1786 ilimbidi achore jedwali ili aelewe wenyeji wanasema nini. Utawala wa Wafaransa wa enzi za Napoleon uliisukuma kando saa hiyo. Kisha ikaja reli. Desemba 1866 njia za reli za Italia zilianza kufuata saa moja ya Roma, na tarehe 1 Novemba 1893 nchi nzima ikaingia katika saa ya Ulaya ya kati, ikihesabiwa hadi 24. Saa anayoiuliza mgeni katika sentensi yake ya kwanza ilitengenezwa na reli kwa mahitaji ya reli. Kenya nayo ilihangaika kabla ya kutulia: kuna miaka ambayo saa yetu rasmi ilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika arobaini na tano.

Wapo watakaosema hayo yote ni makubwa mno kwa safari ya mtu mmoja, na tena nani kutoka Bonde la Ufa anahitaji Kiitaliano? Wahitaji wapo. Wanariadha wa ukanda huu wamekuwa wakipita stesheni za kaskazini mwa Italia kwa zaidi ya miaka thelathini, wengi wao kupitia kwa Gabriele Rosa, daktari wa Brescia. Moses Tanui alikimbia nusu marathoni Milano Aprili 1993 kwa dakika 59 na sekunde 47, binadamu wa kwanza kushuka chini ya saa moja katika mbio hizo. Miaka mitano baadaye, katika mji huo huo, Paul Tergat wa Baringo akaishusha rekodi hadi 59:17. Nyuma ya majina hayo makubwa wamo vijana wasiojulikana, wanaosafiri kutoka mbio za kijiji hadi mbio za kijiji wakitafuta zawadi ndogo. Wamo pia watawa wanaopelekwa Roma, na siku hizi wanafunzi wanaofuata ufadhili wa mikoa ya Italia. Mtu wa marathoni anaweza kusindikizwa na wakala wake. Mwanafunzi anayeshuka uwanja wa ndege saa nne usiku hana wa kumsindikiza.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba hata Nakuru kuna vyombo vyenye saa, kwa hiyo mgawanyo wangu umepakwa rangi mbili tu. Ni kweli vipo, na vinaithibitisha hoja kuliko kuivunja. Nakuru ilizaliwa na reli. Njia ya kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1900, ikaendelea hadi Kisumu, wakati huo Port Florence, Desemba 1901. Mji huu ulikuwa na ratiba ya treni kabla haujawa na matatu hata moja, na ratiba hiyo ilikuwepo kwa sababu serikali ya kikoloni ndiyo iliyobeba gharama za njia, na mizigo ndiyo iliyokuwa biashara. Treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu iliporejea kwenye reli hiyo ya zamani Desemba 2021, ilirejea na saa yake. Sasa tazama mabasi makubwa kama ya Easy Coach yanayopita Nakuru kuelekea magharibi: tiketi inakatwa mapema, kiti kina namba, saa ya kuondoka imeandikwa. Kampuni inajua siku moja kabla ni viti vingapi vimelipiwa, kwa hiyo inaweza kuahidi saa bila kukisia. Na msikilize abiria yule yule aliyekuwa anauliza "imebaki wangapi" stegini, akifika kwenye dirisha la tiketi anasema, "Niangalizie ya saa nne usiku." Hajabadilika tabia katika hatua mia mbili alizotembea. Amebadilisha swali kwa kuwa hasara imebadilisha mkono.

Mpinzani mwingine atanyanyua simu. Programu za simu zina kila treni ya Italia, kila jukwaa, kila dakika. Ya nini kuuliza? Simu ni msaada mkubwa na asiyeitumia anajitesa. Ila vijiji vidogo vinahudumiwa na mabasi ambayo ratiba yake kwenye nguzo ya kituo imejaa alama. Feriale, yenye picha ya nyundo mbili zilizopishana, maana yake siku za kazi, na Jumamosi imo ndani yake. Festivo ni Jumapili na sikukuu. Scolastico ni siku za shule peke yake, hivyo basi la mlimani linaweza kutoweka Juni na lisionekane mpaka Septemba. Bibi anayesubiri kituoni analijua hilo kuliko simu. Halafu kuna sciopero, mgomo. Italia wanagoma, nao wamegomea usafiri mara nyingi kiasi kwamba sheria namba 146 ya mwaka 1990 inalinda huduma za lazima hata siku ya mgomo. Kwa treni za mikoa siku za kazi, muda unaolindwa ni 6 hadi 9 na 18 hadi 21, ambao kwa saa zetu unakaa vizuri ajabu: kumi na mbili hadi tatu asubuhi, kumi na mbili jioni hadi tatu usiku. Siku kama hiyo ukuta hausemi kweli tena, simu inayumba, na stesheni nzima inarudi kwenye mbinu za stegi ya Nakuru. Watu wanaulizana. Wanamtafuta yule asiye na faida katika kudanganya. Hapo kijana wetu hana cha kujifunza isipokuwa msamiati.

Mwisho, kuna wanaochoshwa na mtu kuitetea stegi. Kwao kusubiri gari lijae ni uzembe wa kufutwa kwa amri, tuwekewe ratiba kama watu wengine. Hamu hiyo naielewa. Saa za wafanyakazi, wagonjwa na wachuuzi zinazoteketea katika magari yaliyosimama ni mali kubwa ya taifa, na kuimbia sifa desturi hiyo ni kukosa huruma kwa abiria wa kwanza. Ila amri haina mfuko. Kenya Bus Service ilianza Nairobi mwaka 1934 ikiendesha mabasi kwa ratiba, chini ya mkataba uliomzuia mshindani asiingie njia zake. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta alizifungulia matatu milango bila leseni za mabasi, na zikala abiria wale wa saa nzuri ambao ndio waliokuwa wakifidia mabasi matupu ya saa mbaya. Serikali ikajaribu yenyewe kwa Nyayo Bus mwaka 1986. Mradi ulianza kwa shangwe na haukumaliza muongo wa tisini. Kila mara ratiba ilisimama kadiri alivyokuwepo wa kulipia kiti kitupu, ikaanguka alipojitoa. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, na jiji linaweza kuamua kulipia viti hivyo kutoka kwenye kodi zake. Ni uamuzi wa bajeti, na una wapinzani wenye haki: mkulima wa Subukia asiyepanda basi la mjini atauliza kwa nini alipe.

Kuna swali moja ambalo stegi na stesheni hulitumia kwa pamoja. Jioni Nakuru, mtu wa Kabarnet haulizi tena imebaki wangapi, anauliza, "Za Kabarnet huisha saa ngapi?" Saa imeingia katika swali kwa sababu baada ya jua kutua hakuna uhakika wa abiria wa kumi na nne, na makanga ataamua kama anaondoka na nusu gari au analala mjini. Mwitaliano wa kijijini huuliza vivyo hivyo: A che ora è l'ultimo? La mwisho ni saa ngapi? Anayejifunza Kiitaliano aanze na hilo, aliulize asubuhi anapofika, kabla hajafanya shughuli yoyote iliyompeleka. Aliulize kwa treni na kwa basi la kumtoa stesheni hadi anakolala, maana hayo mawili hayasubiriani. Na akiambiwa kwamba jioni hiyo badala ya treni kuna autobus sostitutivo, aulize palepale linasimama wapi, kwa kuwa mara nyingi husimama nje, upande ambao hakuna karatasi ya manjano.